Nyigu Aliyepewa Jina la Mheshimiwa

Wananchi wa Kasulu walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu nyeupe, kwamba nyigu wote waishio katika eneo la utawala la Ofisi ya Uratibu wa Viumbe Vidogo, Nyanda za Juu za Kigoma, walitakiwa kuondoka kwa hiari yao kabla ya Jumapili. Nyigu atakayekutwa baada ya hapo angechukuliwa hatua kali. Tangazo lilipita sokoni, likapita stendi, likapanda hadi Nyakitonto, na huko likarudiwa kwa Kiha kwa ajili ya nyigu wa vijijini. Dereva, kijana aliyelelewa na redio, akamalizia kwa maneno yake mwenyewe: "Nyigu, msituchukulie poa!"

Mwandishi wa tangazo hilo alikuwa Benedicto, katibu wa ofisi, Muha wa Kagerankanda, mtu mwembamba aliyepiga pasi hata leso. Alilionea fahari. Lilikuwa na utangulizi, vifungu na hitimisho. Maneno "kwa hiari yao" aliyaweka yeye. Rasimu ya kwanza ilisema "kwa nguvu", naye akaona kwamba hilo lingekwenda kinyume na utawala bora.

Chanzo cha Operesheni Ondoa Nyigu kilikuwa mdomo wa Mheshimiwa Nurudini. Huyu alikuwa Mratibu Mkuu, aliyehamishiwa Kasulu kutoka mkoa mwingine akiwa na kiti chake mwenyewe cha kuzunguka. Siku moja alikuwa Nyakitonto akiwahutubia wakulima juu ya umuhimu wa kuhudhuria hotuba. Nyigu wa kawaida, mmoja wa hawa wekundu wanaojenga kwenye mapaa, akashuka kutoka kwenye paa la ofisi ya kijiji akamchoma mdomo wa juu. Ukavimba. Kwa muda mrefu Mheshimiwa hakuweza kutoa hotuba wala kuitisha kikao. Taarifa za ofisi zinaonyesha kwamba katika kipindi hicho kazi nyingi sana zilikamilika, lakini hakuna aliyelihusisha jambo hilo na mdomo.

Mdomo uliponywea, neno la kwanza lililotoka lilikuwa "Wapuliziwe." Madumu ya sumu yakajaa stoo. Ikapangwa kwamba Nyakitonto ipuliziwe yote, mapaa na mashamba kwa pamoja, maana kutenganisha paa na shamba kungehitaji operesheni mbili.

Ndipo Dakta Asnath alipoingia chumbani kwa Benedicto bila kubisha hodi.

Asnath alikuwa Mpare wa Same na mtaalamu pekee wa wadudu katika ofisi ya wadudu. Kwa kutambua umuhimu wake, ofisi ilimpa chumba kilichopakana na choo. Hadubini alikuja nayo mwenyewe. Aliweka mezani kichupa cha dawa ya kikohozi. Ndani yake kulikuwa na kijidudu cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye kiuno kama kimefungwa uzi.

"Huyu ni nani?" Benedicto aliuliza. Katika ofisi ile kiumbe chochote kilipaswa kwanza kujulikana ni nani.

"Sijui."

"Wewe ndiye mtaalamu, Daktari."

"Ndiyo maana najua kwamba sijui. Nimehesabu mishipa ya mabawa yake, nimepima vipapasio, nimelinganisha na vitabu, nimetuma picha kwa wenzangu nchi nne. Hakuna anayemjua. Ni nyigu, lakini hajawahi kuandikwa popote duniani. Hana jina."

Benedicto alikisogeza kichupa mbali na karatasi zake. Kiumbe kisicho na jina kilimtia wasiwasi. Kingewekwa kwenye faili gani?

"Na kazi yake ni nini?"

"Anataga mayai ndani ya kiwavijeshi. Watoto wanamla kiwavi kutoka ndani. Nimemkuta kwenye shamba la mama Philomena kule Nyakitonto. Mahindi ya jirani zake yameliwa hadi yanatia huruma. Ya kwake yamesimama. Sasa mkipulizia ile sumu, Benedicto, huyu anakufa wa kwanza. Viwavi wamejificha katikati ya majani machanga ya mahindi, sumu haiwafikii. Mtabaki na viwavi peke yao."

"Operesheni haisimamishwi, Daktari," alisema Benedicto kwa upole. "Inaweza tu kupitwa na operesheni nyingine."

"Basi panda pikipiki twende ukaone."

Alikwenda. Tuseme ukweli, hakwenda kwa ajili ya nyigu. Jumapili iliyotangulia alikuwa nyumbani Kagerankanda, na mama yake alimpeleka shambani bila kusema neno. Majani ya mahindi yalikuwa na matobo kama kichungio cha chai. Mama aliuliza mara moja tu, "Ofisi yenu, mwanangu, inafanya nini hasa?" Naye akajibu, "Tunaratibu, mama." Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini lilimkalia vibaya kifuani hadi Jumatatu.

Mama Philomena walimkuta amejifunga khanga kiunoni, analima palizi. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua.

"Mwakeye, katibu."

"Mwakeye, mama. Tumekuja kwa ajili ya nyigu."

"Mmekuja kuwapulizia?"

"Bado. Leo tumekuja kuwatambua."

Philomena alifunua jani. Kiwavi mmoja mnene alikuwa amelala pale amepooza, hali wala hatembei, na pembeni yake vifukofuko vyeupe vimepangwa kama mchele uliomwagika. "Huyu mdogo simjui jina," alisema. "Ninachojua, akishafika yeye, kiwavi anaacha kula. Sasa nasikia gari likisema aondoke. Amewakosea nini?"

"Kuna nyigu aliyemchoma kiongozi."

"Huyu?"

"Si huyu. Huyu hawezi kumchoma mtu. Ni wa jamii yake."

"Yewe! Kwa hiyo mmoja akikosa, mnachoma ukoo mzima?"

Benedicto alimweleza kwamba Operesheni haikuwa na kifungu cha kutofautisha. Philomena akarudi kwenye palizi yake. Njiani kurudi mjini Benedicto alikuwa akitafuta kifungu.

*

Kamati ya Utambuzi, Ufafanuzi na Ufuatiliaji wa Nyigu ilikaa siku iliyofuata chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Nurudini. Bi Faudhia, Mratibu Msaidizi wa tawi la Kibondo, alishiriki kwa simu, iliyowekwa mezani katikati ya sambusa.

Dakta Asnath aliomba nafasi ya kueleza faida za mdudu. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba faida hutanguliwa na uraia.

"Huyu nyigu ni wa hapa, au ametoka ng'ambo?" aliuliza. "Tuko mpakani. Hatuwezi kumjadili mtu tusiyejua ametoka wapi."

Ikaonekana ni busara kumwita shahidi. Aliitwa Séverin, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwuza sabuni, ambaye siku hiyo alikuwa karibu kwa sababu alikuwa amezuiliwa kituo cha polisi cha jirani kwa kutoka kambini bila kibali. Alionyeshwa kichupa.

"Mdudu huyu ni wa kwenu?" aliuliza Mheshimiwa.

Séverin alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakigeuza kwa adabu. "Shefu," alisema, "mimi nikitoka kambini na kartoni moja ya sabuni, wananishika kwa bariyeri. Hii kadudu ingepitaka wapi? Kama iko huku, njo ya huku."

Kamati haikuwahi kusikia hoja nzito kama hiyo. Ilikuwa wazi kwamba mdudu wa kigeni asingeweza kupita vizuizi vyote bila kukamatwa. Nyigu akatambuliwa kuwa raia wa kuzaliwa, na Séverin akashukuriwa na kurudishwa kituoni.

"Sasa kwa kuwa ni raia," alisema Mheshimiwa Nurudini, akijigusa mdomo wa juu, "kosa lake ni kubwa zaidi. Apuliziwe."

Benedicto alinyoosha mkono. Hakuwa mtu wa hila. Alikuwa mtu wa kanuni, na usiku kucha alikuwa amezipekua kanuni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mdudu huyu hana jina. Anayemwandika kwa mara ya kwanza ana haki ya kumpa jina la mtu anayeheshimiwa. Na kanuni yetu ya mabango inasema, kitu chochote chenye jina la kiongozi kisiharibiwe."

Mheshimiwa aliacha kuzunguka na kiti chake.

"Jina la kiongozi gani?"

Hapo simu ikaongea katikati ya sambusa. "Samahani, Mwenyekiti," ilisema sauti ya Bi Faudhia, "nyigu kama hao hata Kibondo tunao. Kama Kasulu hamna haja naye, sisi tunaweza kumpatia jina."

"Nani kasema hatuna haja naye?" Mheshimiwa alimgeukia Asnath. "Daktari, jina hilo linakaa muda gani?"

"Milele, Mheshimiwa. Likishachapishwa halifutwi. Hata viongozi wakibadilika, hata mipaka ikibadilika."

"Milele," alirudia Nurudini taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Ukumbi wa ofisi uliwahi kuwa na jina la mtangulizi wake ukutani, nalo lilifunikwa kwa rangi mpya wiki ile ile mtangulizi huyo alipohamishwa. Nurudini mwenyewe ndiye aliyechagua rangi. "Na linaandikwaje?"

"Kwa Kilatini. Jina lako linaongezewa i mwishoni. Kwa kuwa tayari linaishia na i, zinakuwa mbili. Nurudinii."

"I ya kwanza ni ya jina. Ya pili ni ya nini?"

"Ni kanuni ya sarufi tu."

"Ya cheo," alisahihisha Mheshimiwa. Kisha akawaza. "Na mimi ni Mratibu *Mkuu*. Waratibu wa kawaida watapewa ngapi?"

Mjadala wa i ya tatu uliendelea hadi sambusa zilipoisha. Asnath alisimama imara kwenye mbili. Mwishowe ilikubalika kwamba i zibaki mbili, ila ya mwisho itamkwe kwa kuvutwa.

Mchana huo pikapu ilitoka tena. Wananchi walitangaziwa kuanza kwa Operesheni Linda Nyigu. Nyigu waliokwisha kuondoka kwa kutii tangazo la awali waliombwa radhi na kukaribishwa kurudi. Ilipigwa pia marufuku, kwa Amri ya Hifadhi iliyotiwa saini na Mheshimiwa mwenyewe, kwa mtu yeyote kumuua, kumhamisha au kumbughudhi mdudu huyo. Rasimu ya Benedicto iliishia hapo. Mheshimiwa aliongeza kwa kalamu yake: "wa cheo chochote." Alikuwa akimfikiria Bi Faudhia.

*

Kumwelezea mdudu si kazi ya kubahatisha. Asnath alikaa na hadubini yake, choo kikivutwa maji nyuma ya ukuta, akachora kila bawa na kila unywele. Alichagua jike mmoja, akamtunga kwenye pini ili awe kielelezo, shahidi ambaye wengine wote watalinganishwa naye. Alifuga viwavi kwenye mabeseni akaandika siku hadi siku mdudu anavyoingia, anavyokula, anavyotoka. Alipomaliza alipeleka maandishi kwa Mheshimiwa, maana hakuna kilichotoka ofisini bila saini yake.

Mheshimiwa Nurudini hakusoma. Hakuwa mvivu, alikuwa na msimamo, kwamba chini husomwa na juu husainiwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Nimeelezwa vizuri?"

"Mdudu ameelezwa kwa ukweli, Mheshimiwa."

"Anapendeza?"

"Tumbo lake linang'aa sana."

"Iandikwe hivyo hivyo." Akasaini, akavuta i ya mwisho hadi ukingoni mwa karatasi.

Nakala ya heshima ilipelekwa Kibondo. Bi Faudhia alikuwa na tabia moja isiyo ya kawaida kiofisi: alisoma karatasi kabla ya kuziweka chini. Benedicto alishangaa alipopigiwa simu.

"Benedicto, mdudu huyu anafanya haya yote kweli?"

"Daktari ameyaona kwa macho yake, Bi Mratibu."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa. "Basi mwambie Mheshimiwa kwamba tawi la Kibondo linaondoa maombi yake ya jina. Kwa heshima kabisa. Hakuna anayestahili kuliko yeye."

Benedicto aliona huo ni ungwana wa hali ya juu. Aliuingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

Maandishi yakachapishwa katika jarida la wataalamu huko nje. Wizara ikapata habari. Ikaamuliwa kufanyike sherehe Nyakitonto, na Mheshimiwa akaagiza kwamba maelezo ya mdudu yasomwe hadharani, yote, kwa Kiswahili, wananchi wapate kumfahamu vyema yule waliyepewa. Tafsiri alipewa Benedicto. Aliifanya kwa uaminifu, akitafuta neno sahihi kwa kila neno, na muda wote huo, twaweza kuapa kwa niaba yake, alikuwa akimfikiria nyigu.

Siku ilifika. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, kwaya ikaimba wimbo wa kumkaribisha mdudu. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka wizarani, mwenye miwani na uso usioonyesha kitu. Mheshimiwa Nurudini alikaa kulia kwake, na Bi Faudhia, aliyekuja mapema kutoka Kibondo, alichagua kiti cha nyuma kidogo ambako angeona nyuso zote.

"Tumwite tu Nurudini," alishauri mgeni rasmi. "Hicho Kilatini watu hawatakipata."

"Wazo zuri sana," alisema Mheshimiwa.

Benedicto alisafisha koo. "'Nurudini ni mdogo wa umbo,'" alisoma, "'lakini tumbo lake ni kubwa kuliko kichwa, tena linang'aa.'"

Watu walimtazama mdudu aliyechorwa kwenye bango. Kisha, mmoja mmoja, walimtazama Mheshimiwa.

"'Hajitafutii chakula. Kipindi chote cha kukua kwake hukipitisha ndani ya mwenyeji, akila.'"

Mtu alikohoa.

"'Akifika, mwenyeji hudungwa kitu kinachoulegeza ulinzi wa mwili, hata ampokee kama mgeni wa kawaida.'"

"Na kuku tulimchinjia!" ilisema sauti ya nyuma.

Hapo ndipo Benedicto alipoelewa. Alihisi kijasho kinamtoka chini ya kola iliyopigwa pasi. Lakini kanuni za usomaji hadharani zilikuwa wazi: waraka ukianza kusomwa usikatishwe. Akasoma, na sauti yake, kwa sababu ya woga, ikawa rasmi zaidi.

"'Hula kwanza mafuta, akiacha moyo na viungo muhimu. Hafanyi hivyo kwa huruma, bali ili mwenyeji asife kabla yeye hajashiba.'"

Kicheko kilianzia upande wa akina mama, kikapita kwenye kwaya, kikafika kwa vijana waliokaa juu ya pikipiki zao. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Mheshimiwa Nurudini alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja kufika kwenye sifa zake.

"'Akishakua hutoka nje na kujijengea nyumba nyeupe ya hariri...'"

"Ile ya mjini, yenye geti!"

"'...na mwenyeji, ijapokuwa ameliwa, hubaki pale akiilinda nyumba hiyo mchana na usiku, bila malipo, hadi anapokufa.'"

Mlinzi wa nyumba ya Mheshimiwa, aliyekuja kulinda gari, alivua kofia yake polepole.

Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Bi Faudhia hakucheka. Alipiga makofi kwa adabu mwisho wa kila kifungu. Mheshimiwa aliinuka.

"Kuna makosa ya tafsiri!" alisema.

"Kifungu kipi?" aliuliza Asnath.

Mheshimiwa alifungua mdomo. Kukanusha kifungu kulihitaji kwanza kukitaja. Akaufunga.

Ni Philomena aliyesimama akanyamazisha watu. "Mgeni rasmi," alisema, "sisi tumecheka, mtusamehe. Lakini huyu mdogo tunamtaka. Mwaka huu nitavuna kwa sababu yake. Msije mkamfukuza tena kwa sababu tumecheka."

Mgeni rasmi aliinamisha kichwa. Kisha akaondoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo.

*

Jioni ile Kamati ilikaa kwa dharura.

"Jina liondolewe," aliagiza Mheshimiwa.

"Ni la milele," alisema Asnath.

"Basi mdudu aondolewe. Leteni ile sumu."

Benedicto alimsomea Amri ya Hifadhi. Alipofika kwenye maneno "wa cheo chochote", alishusha sauti, kama mtu anayepita msibani.

"Basi aamriwe abadili tabia!"

Hilo lilikuwa ndani ya mamlaka ya ofisi. Asubuhi pikapu ilipanda Nyakitonto na kuwasomea nyigu onyo la maandishi, likiwataka wajitafutie chakula kwa jasho lao. Dereva aliongeza, "Bosi anasema mnamwangusha!" Nyigu waliendelea kama kawaida. Viwavi waliendelea kufa.

"Mheshimiwa," Benedicto alisema walipobaki wawili, na alisema kwa nia njema kabisa, "kisheria imebaki njia moja. Wewe ubadili jina."

Nurudini alizungusha kiti akatazama ukuta uliopakwa rangi mpya. Kwa mara ya kwanza Benedicto alimwonea huruma. Alikuwa mtu aliyetaka kukumbukwa, na sasa angekumbukwa.

Usiku ule, alipokuwa akifunga ofisi, Benedicto alimkuta Asnath bado yuko kwenye hadubini.

"Daktari, ulijua?"

"Nimeandika nilichokiona," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe ulitafsiri ulichokisoma. Aliyejitambua ndani yake ni yeye."

Barua ya wizara haikuchelewa. Ilikuwa na pongezi nyingi. Ilisema kwamba taifa lilikuwa limepata kiumbe adimu. Kwamba kiumbe adimu huhitaji usimamizi wa karibu. Na kwamba hapakuwa na mtu mwenye uhusiano wa karibu zaidi na nurudini kuliko Nurudini. Kwa hiyo Mheshimiwa alipandishwa kuwa Msimamizi Mkazi wa Hifadhi ya Nurudini, makao yake Nyakitonto, shambani. Angekaa hapo kuvilinda vifukofuko dhidi ya mbuzi na watoto. Ofisi ya Kasulu ilikabidhiwa Bi Faudhia, ambaye siku ya kwanza aliomba aletewe karatasi zote azisome. Maofisa wengi waliugua wiki hiyo.

Madumu ya sumu Bi Faudhia alimrudishia aliyeyauza. Asnath alipewa chumba chenye dirisha. Naye Benedicto, kwa kibali maalumu alichojiandikia na ambacho Bi Faudhia alikisoma mara mbili, alibeba sufuria ya majani yenye vifukofuko kutoka kwa Philomena hadi Kagerankanda. Aliyatandaza mwenyewe katikati ya mahindi machanga, suruali yake iliyonyooka ikipata tope magotini. Mama yake alisimama kando akimtazama.

"Sasa hapo mnafanya nini?" aliuliza.

Benedicto alitaka kusema neno la kiofisi, likakataa kutoka. "Tunangoja wadogo hawa watoke, mama. Watatusaidia."

"Hiyo nimeielewa," alisema mama.

Msimu uliofuata Bi Faudhia alimtuma Benedicto Nyakitonto kumjulia hali Msimamizi Mkazi. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, meusi kwa ujani. Katikati yake kilisimama kibanda cha nyasi, na mbele ya kibanda, juu ya ardhi iliyolimwa, kile kiti cha kuzunguka. Hakikuzunguka tena; kilikuwa kimezama miguu. Nurudini alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Alikuwa amekonda kidogo, na kwa kweli ilimpendeza.

"Wananchi wananijali sana, Benedicto," alisema. "Ofisini ilikuwa nadra mtu kuniita bila shida yake. Hapa wananiita kutwa. Sikiliza."

Na kweli, kutoka upande wa pili wa shamba ilisikika sauti ya mama Philomena, kubwa, yenye furaha: "Nurudini! Nurudini wamefika huku, njooni muone!"

Mheshimiwa aliruka kutoka kwenye kiti, akafunga vifungo vya koti kwa haraka. "Naam, mama!" alipaza sauti. "Nakuja!"

Mahindi yalitulia. Kisha sauti ya Philomena ikarudi, yenye heshima zote anazostahili mtu mzima.

"Kaa tu, Mheshimiwa. Tunamwita yule anayefanya kazi."